Nzuri, Ila

1

Saa mbili kamili asubuhi, siku ya tatu ya matanga ya Mzee Yeremia, Sikio, ule mtambo mdogo wa kuulizia watu hali uliotundikwa ukutani, lilitoa mlio wake mfupi, kisha likauliza kwa ile sauti yake ya upole isiyojulikana kama ni ya mwanamume au ya mwanamke: "Habari za hapa?"

Sebule nzima ilinyamaza. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, migongo ukutani, miguu imenyooshwa, na japo ilikuwa asubuhi tu, khanga zao zilikuwa zimekwisha kulowa jasho. Mjane wa marehemu, Shangazi Mbeleje, aliinuka kwa kushika ukuta. Wapo wawili watatu waliotaka kumzuia, maana mfiwa hainuki ovyo, lakini yeye ndiye aliyeandikishwa kuwa msemaji wa nyumba ile, na hakuwa mtu wa kuulizwa hali akakaa kimya. Alikuwa amelifunika Sikio kwa kitambaa cheupe cha kufuma, kama alivyoifunika redio na runinga. Akakifunua kitambaa, akasogeza mdomo.

"Nzuri tu," akasema.

Taa ya kijani ikawaka.

"Nzuri tu, tunamshukuru Mungu," akaendelea, "ila mwenye nyumba tumemzika juzi. Joto lilimkutia mlangoni pa ghala, saa tisa alasiri. Aliomba maji. Niliporudi na kikombe hakuwa na haja nayo tena." Akafikiri kidogo kama kuna lingine. "Ni hayo tu. Asante kwa kutuuliza."

Akalifunika tena Sikio, akarudi mkekani.

Karibu na mlango, kikombe cha chai mkononi, alikaa Dorkasi Chidawali, mtoto wa kaka yake Mbeleje, aliyelelewa katika nyumba hiyo tangu ana miaka minne. Alikuwa amefika jana yake kutoka Arusha. Katika watu wote waliokuwamo sebuleni, ni yeye peke yake aliyejua taa ile ya kijani inasema nini. Inasema: nyumba hii leo haina neno. Na aliona kwa macho yake mawili kwamba ilikuwa imewaka palepale kwenye "tu". Mwenye nyumba, ghala, kikombe cha maji, yote hayo shangazi yake alikuwa anauhadithia ukuta.

Alijua pia ni nani aliyeiagiza taa iwake hapo.

"Tena sisi tuna bahati," alisema jirani mmoja, Mama Elieza, akijipepea kwa mfuniko wa ndoo. "Wenzetu hawana mtu. Sisi mtoto wetu yuko hukohuko Mizani. Atatusemea, turudishiwe Mwavuli wetu."

"Mungu akutangulie, mwanangu," akadakia mwingine.

Wote wakamgeukia, na nyuso zao zilikuwa na tumaini lisilofichika. Mwaka uliopita kijiji chao cha Chihembe kilikuwa bado chini ya Mwavuli wa Nne. Ulikuwa huko juu, mbali kupita njia za ndege: tabaka la unga wa chumvi lililoshikiliwa mahali pake na mitambo, likipunguza joto la chini kwa nyuzi tano. Miavuli hiyo ilikuwa kumi na miwili tu dunia nzima, na kila mwaka Mizani ndiyo iliyosema upi ubaki na upi uhamishwe. Siku Mwavuli wa kwao ulipoondoka hakuna aliyehitaji kutangaziwa. Vivuli vya watu, vilivyozoea kuwa vyepesi, asubuhi moja ya Jumanne vilirudi kuwa vyeusi tii.

Sasa ilikuwa Septemba, joto lilikuwa limefika nyuzi arobaini na nne, na kila mtu Ugogo anajua kwamba mwenye joto lake ni Oktoba na Novemba. Yeremia alikuwa na miaka sabini na mitatu. Mbeleje alikuwa na sabini na mmoja.

Dorkasi aliangalia ndani ya kikombe. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka, na katika sebule ile iliyojaa watu waliompenda hakuwa na mahali pa kuyaficha.

2

Mizani ilianzishwa kwa nia njema, na hilo lisemwe mapema kabla hatujaanza kulaumiana. Zamani nchi zilizokuwa hatarini zilipimwa kwa takwimu za serikali zao, na serikali tunazijua: hii inajipaka mafuta ionekane imeshiba, ile inajichania nguo ionekane na dhiki kuliko jirani. Waliobuni Mizani wakasema, basi, tuwaulize wenyewe. Kipimo wakakigawa mafungu kumi. Matatu yakawa ya Joto. Matatu yakawa ya Uwezo, yaani paa limeezekwa kwa nini, kisima kina kina gani, hospitali iko mwendo wa saa ngapi. Na manne, makubwa kuliko yote, yakawa ya Sauti: lile wanalolisema watu kwa vinywa vyao kila asubuhi wakiulizwa na Sikio. Haki ya namna hiyo ilikuwa haijapata kuonekana. Dorkasi mwenyewe, kila alipoieleza mikutanoni, machozi yalikuwa yakimlengalenga.

Yeye ndiye aliyeajiriwa kuifundisha mashine kusikia Kiswahili.

Jumatatu, aliporudi Arusha, hakumsalimu mtu. Alikaa mezani kwake, akafungua rejesta ya kanuni, akaenda moja kwa moja kwenye kifungu cha sita. Kilikuwa kifupi: Jibu la kaya ni maneno yote yaliyotamkwa kabla ya kituo cha kwanza, yaani pale msemaji anapotua. Chini yake palikuwa na jina la mpendekezaji, na jina lilikuwa lake.

Aliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa siku ya majaribio, miaka miwili nyuma, mbele ya jopo la wataalamu tisa waliotoka kila pembe ya dunia, na mashine ilichagua nyumba yoyote kwa bahati nasibu. Ikaangukia nyumba ya Mbeleje. "Habari za hapa?" ikauliza. Na sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe ikajaza ukumbi: "Nzuri, ila mbuzi amekula sabuni, ile ile moja tuliyokuwa nayo. Na choo kimetitia. Na huyu mzee ngiri yake imeshuka tena, hawezi kuinama. Tunakula mara moja kwa siku, ila si neno, tumezoea."

Mkalimani alitafsiri neno kwa neno. Mtu mmoja akacheka kwenye mbuzi na sabuni. Mama mmoja wa makamo, mwenye huruma ya kweli, akapangusa macho na kusema kwa sauti ndogo, "Maskini wa watu." Dorkasi alikuwa amevaa suti mpya siku hiyo. Hadi leo hajui kilichomuuma zaidi ni kicheko au ni yale machozi. Anachojua ni kwamba hakusema, "Hiyo ni nyumba yetu." Alisimama, akarekebisha koti, akasema kwa utulivu wa kitaalamu kwamba katika lugha yake jibu lenyewe ni lile neno la kwanza, na kwamba yanayofuata baada ya "ila" ni mapambo tu ya mazungumzo, wazee hupenda kujaziajazia.

Wakamwamini. Kwa nini wasimwamini? Yeye ndiye mwenye lugha. Wakamshukuru, wakakiandika kifungu, na mashine, ambayo kazi yake ni kujifunza, ikatafuta lugha nyingine zenye desturi ya kujibu "nzuri" kwanza. Ikazipata arobaini na moja. Zote ikazikata kwenye kituo cha kwanza.

Neno lenyewe, ila, lina kazi mbili, na kila aliyekulia katika Kiswahili anazijua zote. Kazi ya kwanza ni kuunganisha. Ya pili ni kutaja doa, kasoro, aibu iliyomo katika kitu kizuri. Dorkasi alikuwa ameisahau ya pili mpaka Jumatatu hiyo.

Hesabu ilisoma neno la kwanza tu, lakini Sikio halikutupa kitu. Lilihifadhi sekunde thelathini za kila asubuhi. Alichomeka visikizio, akaomba majibu ya nyumba ya Mbeleje tangu Mwavuli ulipoondoka. Yalikuwa mia tatu ishirini na sita, na yote yalikuwa ya kijani.

"Nzuri, ila kuku wamekufa wote, hata yule mwenye vifaranga."

"Nzuri. Ila kisima kinatoa matope."

"Nzuri tu, ila Yeremia hali tena mchana, anasema chakula kinampandisha joto."

"Nzuri, tunamshukuru Mungu. Ila Dorkasi hajapiga simu mwezi wa pili huu. Labda kazi ni nyingi."

Hapo alivitoa visikizio, akakaa ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mtu wa meza ya jirani akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana.

Angeweza kuishia hapo. Lakini mkono, kwa ukaidi wake, ukafungua lugha nyingine, asiyoijua hata salamu yake, nchi asiyowahi kuikanyaga. Sauti ilikuwa ya mwanamume mzee, na chini yake mashine iliandika tafsiri: Nzuri, na kwako pia. Isipokuwa maji yameisha na mke wangu tangu jana haamki. Taa ya kijani. Akafungua nyingine. Na nyingine. Alipokuja kutazama dirishani, wenzake walikuwa wamekwenda kula na kurudi.

3

Mkurugenzi wa Vipimo alikuwa Mmeru wa Kenya, Daktari Kithinji, mtu mpole mwenye tumbo la heshima na mazoea ya kufunga mlango taratibu kila mazungumzo yanapokuwa mazito. Jioni hiyohiyo, akiwa amekwisha kuisoma barua ya Dorkasi, aliufunga taratibu sana.

"Keti, Dorkasi. Kwanza pole na msiba."

"Asante. Nimekwisha kupoa."

"Hujapoa. Wacha nikuambie nilichoelewa, unirekebishe." Alihesabu kwa vidole. "Kifungu cha sita kina makosa. Baraza linakaa Alhamisi kupitisha orodha. Ukisimama hapo useme haya yote, orodha itawekwa kando. Si ndiyo? Lugha arobaini na mbili, nyumba laki tatu, kuhesabu upya si mchezo. Miezi minane, tukijitahidi. Na katika miezi hiyo minane, kanuni inasema Miavuli haisogei hata hatua moja."

"Najua."

"Kwa hivyo Oktoba itapita hivyo. Novemba itapita hivyo. Huyo shangazi yako ana umri gani?"

Kithinji alivuta karatasi moja kutoka chini ya nyingine, na kwa jinsi alivyoivuta ilionekana alikuwa ameitayarisha kabla.

"Sasa sikiza. Kuna kitu kinaitwa marekebisho ya mwinuko. Kila mwaka tunafanya kumi, kumi na tano, ni mambo ya kawaida kabisa. Nikiongeza sehemu nne tu za mia kwenye Joto la ukanda wenu, Chihembe inapanda hadi nafasi ya kumi na moja. Miavuli ni kumi na miwili. Wiki ya kwanza ya Oktoba mna kivuli. Halafu mwakani, polepole, tunakirekebisha hicho kifungu, bila kelele, bila jina la mtu."

"Na aliye wa kumi na mbili sasa atasukumwa nje."

"Kila mwaka kuna anayesukumwa nje. Ndiyo kazi yetu hiyo."

"Na hao wengine? Lugha arobaini na moja?"

Kithinji alivua miwani, akaifuta kwa tai. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililokuwa likimtesa Dorkasi. Mtu mbaya angemrahisishia.

"Watangoja mwaka mmoja badala ya miezi minane," akasema. "Tofauti ni miezi minne."

"Miezi minne ya kuulizwa hali kila asubuhi na kutosikiwa."

"Wewe mwenyewe ndiye uliyesema wasisikiwe." Alilisema bila ukali, kisha akajuta kulisema. "Karatasi ni hii. Inahitaji sahihi yako kwa sababu ukanda ni wako. Usijibebeshe dunia nzima, dada. Iokoe nyumba moja. Kwani nani atajua?"

Dorkasi aliichukua karatasi. Ndiyo, aliichukua, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, na lifti ikishuka alikuwa na mkono juu ya mfuko huo asije akaipoteza.

4

Siku iliyofuata, saa saba mchana, alimpigia simu shangazi yake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwa," akaongeza kwa salamu ya Kigogo. "Ulifika salama?"

"Salama."

"Na huko kazini?"

"Nzuri," alisema Dorkasi, na akasita. Upande wa pili Mbeleje alingoja, kama alivyokuwa akingoja siku zote, maana hakuna aliyelelewa vizuri anayedhani mtu amemaliza hapo. "Ila, shangazi, kuna jambo. Nilikosea, na kosa lenyewe limewafikia nyie."

Akamwambia. Taa ya kijani, kifungu cha sita, jopo, suti mpya. Alijaribu kulipitisha haraka lile la kicheko, lakini shangazi yake akalirudia.

"Walicheka nini?"

"Mbuzi na sabuni."

"Ile ilikuwa inachekesha kweli." Mbeleje aliguna. "Na wewe ulicheka?"

"Mimi? Hapana, shangazi. Sikucheka."

"Ungecheka ingekuwa afadhali. Ulituonea haya."

Dorkasi alifungua mdomo kukanusha, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo hakupata neno la kitaalamu la kujificha nyuma yake. "Ndiyo," akasema. "Niliwaonea haya."

"Mimi nilikuwa nakwambia wewe," alisema Mbeleje. Sauti yake haikupanda. "Unadhani ningeliambia lile lidude la ukutani habari za ngiri ya mume wangu? Mtu wa njiani akinisalimu nampa nzuri yake, aende zake. Lakini hiyo ila, hiyo ni ya wenyewe. Nilisema, Dorkasi yuko huko, anasikia. Kila asubuhi nafunua kitambaa nasema, leo nimwambie nini mtoto wangu."

Dorkasi alilia. Shangazi yake alimwacha alie, hakumbembeleza, na hiyo ilikuwa mpya kati yao.

Aliponyamaza alimweleza habari ya karatasi. Alimweleza njia zote mbili, bila kuficha: hii inaleta Mwavuli Oktoba, hii inauchelewesha hadi mwakani. Akamweleza na yule mzee wa nchi ya mbali ambaye mkewe haamki.

"Njoo ukae kwangu Arusha mpaka joto lipite," akaongeza.

"Niliache kaburi la wiki moja? Nani atalimwagia maji?" Mbeleje alikohoa. "Huyo bwana mkubwa wako, akikusainisha, kivuli kinakuja kweli?"

"Kinakuja."

"Basi saini."

"Shangazi, kuna nyumba nyingi sana. Hawa watu hawana mtu wao huku."

"Na mimi ninaye?"

Dorkasi aliikandamiza simu sikioni.

"Nisikilize vizuri," alisema Mbeleje. "Mimi nimezika mume. Nalala sakafuni nimejifunika khanga ya maji, na ikifika saa nne imekauka. Nataka kivuli. Usinifanye mtakatifu, sikuomba. Hao wengine nawahurumia, Mungu anajua, lakini siwajui. Aibu ni yako, mwanangu, joto ni langu. Usije ukaiosha aibu yako kwa kunichemsha mimi. Umenisikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Haya." Na simu ikakatwa, bila ile "msalimie kila mtu huko" ambayo hakuwahi kuisahau maishani.

5

Alhamisi, saa nne asubuhi, Baraza la Mizani lilikaa. Wajumbe walikuwa ishirini na wanne kuizunguka meza ya mviringo, wakalimani nyuma ya kioo. Kithinji alikaa kushoto kwa Dorkasi. Mbele ya Dorkasi ilikuwa ile karatasi, imekunjuliwa, alama za mikunjo zikionekana, na kalamu juu yake. Alikuwa hajasaini. Alikuwa pia hajaamua, na asikudanganye mtu kwamba aliingia ukumbini akiwa shujaa. Jana yake yote aliikaribia sahihi ile mara tatu. Mara ya tatu aliandika herufi ya kwanza ya jina lake, na herufi hiyo bado ilikuwa pale.

Mwenyekiti alikuwa Bi Asumini Khatibu, Mpemba mwembamba aliyekuwa hakimu kabla ya kustaafu. Alianza kikao kama alivyoanza kila kikao, kwa kuwajulia watu hali mmoja mmoja, jambo lililowachosha sana wajumbe wa mbali.

"Na Daktari Chidawali. Habari za kazi?"

"Nzuri, mheshimiwa mwenyekiti."

Nyuma ya kioo, wakalimani wakalipeleka neno katika lugha sita. Na Dorkasi akaona. Mjumbe wa kwanza akafunua ukurasa. Wa pili akafunua. Ukurasa ukafunuliwa kuizunguka meza yote, shwaa, shwaa, kwa sababu mtu amesema nzuri na la kwake limekwisha. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyowafundisha yeye.

Bi Asumini peke yake hakufunua ukurasa. Alikuwa amemtazama, kidevu mkononi, akingoja.

Dorkasi aliitazama ile herufi moja juu ya karatasi. Alimwona shangazi yake sakafuni na khanga iliyokauka. Alimsikia mzee wa watu akijibu salamu kwa adabu ubavuni mwa mkewe, na hakuna mtoto wa ndugu yeyote kwenye meza hii wa kumsemea. Mmoja alimpenda na mwingine hamjui, na ilimfedhehesha kugundua kwamba kupenda kwake hakukumsaidia kuamua.

"Nzuri," alirudia, "ila."

Mkalimani mmoja alisikika akisita.

"Ila nini, mwanangu?" akauliza Bi Asumini.

Basi akasema. Alisimama na kusema kifungu cha sita ni chake, na kwamba hakukiandika kwa kukosea lugha. Lugha aliijua vizuri sana. Alikiandika kwa kuwa sauti iliyokuwa ikitaja choo na ngiri mbele za watu ilikuwa ya mama aliyemlea, naye akatamani inyamaze. "Niliinyamazisha," alisema, "na mashine ikanifuata, ikawanyamazisha wengine wote." Alieleza kijani mia tatu ishirini na sita. Alitaja jina la Yeremia, na saa ya kufa kwake. Alipomaliza, mjumbe mmoja aliinamisha kichwa, mwingine alikuwa amekasirika wazi wazi, na kuna aliyeuliza kwa nini mtu kama huyu bado ana kitambulisho cha Mizani.

Walijadiliana saa mbili. Orodha ikawekwa kando. Kifungu cha sita kikafutwa, na ikaagizwa kwamba kuanzia kesho asubuhi hesabu isome sekunde zote thelathini. Kuhesabu upya kungechukua miezi minane. Miavuli isingesogea. Dorkasi angeondolewa kazini hesabu hiyo ikikamilika. Hadi hapo alihitajika, maana ndiye aliyejua alipokata.

Kithinji aliichana karatasi vipande vinne, taratibu, kama alivyofunga milango. "Umefanya vyema," akamwambia, na Dorkasi akatamani asingeambiwa.

Mchana huo, habari ya orodha ikiwa imekwisha kusomwa redioni, alimpigia simu shangazi yake mara nne. Iliita mpaka ikakatika yenyewe.

6

Ijumaa, saa mbili asubuhi, ukumbi wa Sauti ulijaa watu hata wasiokuwa na kazi humo. Kwa mara ya kwanza Mizani ilikuwa inasikiliza mpaka mwisho. Ramani kubwa ya ukutani, iliyozoeleka kuwa kijani kama shamba la mpunga, ilianza kugeuka. Nyekundu ikaanzia mashariki kulikokwisha kupambazuka zamani, ikaja, ikavuka bahari, ikaingia bara. Mtu mmoja alisema "Ee Mungu wangu." Nchi ya yule mzee iligeuka nzima nzima. Dorkasi aliiona. Alijua kwamba alikuwa ametenda haki, na haikumpa raha yoyote.

Alichomeka visikizio, akafungua Chihembe.

Mlio mfupi. Nyayo za kuburuta, polepole, sakafuni. Kisha sauti aliyoijua, ya uzi wa kitambaa ukikwaruza kidogo unapofunuliwa.

"Habari za hapa?" likauliza Sikio.

"Nzuri," alisema Shangazi Mbeleje.

Dorkasi alisogea karibu na meza. Sekunde zilikuwa zikihesabika kwenye kioo. Tano. Alikuwa akimsikia akipumua, pumzi fupi za mtu aliyelala vibaya. Kumi na mbili. Mahali fulani nje mtu alimwaga maji, labda juu ya kaburi. Ishirini. Dorkasi alijikuta akilitamka neno lenyewe kwa midomo bila sauti, ila, ila, kama vile angeweza kulipenyeza kwenye waya likatokea upande ule.

Sekunde ya ishirini na sita kitambaa kilishushwa, na nyayo zikaenda zake. Dorkasi alikuwa amepewa nzuri ya mtu wa njiani.

Taa ikawaka kijani. Safari hii mashine haikukosea. Ilikuwa imesikiliza jibu lote.